Wadudu Wawili, Ramani Moja

Waliponiaga kazini mwezi uliopita, wenzangu wa maabara walinipa keki, saa ya ukutani na blanketi. Saa niliielewa: mtu hupewa saa siku ile ambayo hana haja tena ya kujua ni saa ngapi. Blanketi sijalielewa hadi leo, maana mimi ninakaa Diani na joto la huku mnalijua wenyewe. Kisha msimamizi akaniambia, "Bi Mwanasha, tuandikie nasaha kidogo, vijana wasome." Nasaha sina. Nina mambo niliyoyaona, na moja nililolifanya ambalo hamkulisikia kwenye hotuba za siku ile. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vyote nilivyopewa havikunibadilishia hata kiti. Na hospitali yenyewe siitaji jina. Ninyi mnaijua, na wasioijua wala hawana hasara.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi na viatu vya visigino. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mwangolo, Mduruma wa Kinango, mkuu wa meza ya kuotesha bakteria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kushika kondoo?"

Nikadhani ni mafumbo ya usaili. Kumbe alikuwa na maana ya kondoo. Bakteria wengi wa magonjwa ni wachaguzi wa chakula. Hawaoti vizuri mpaka uwape aga, ile jeli ya kwenye sahani za maabara, iliyochanganywa na damu ya kondoo. Siku hizi mnaletewa sahani zimefungwa kwa plastiki. Sisi tulikuwa na kondoo jike aliyenunuliwa kwenye soko la mifugo la Kinango, akifugwa nyuma ya chumba cha kufulia. Jina lake lilikuwa Metroni, kwa sababu alitembea kama metroni wetu na kumtazama kila mtu kana kwamba amechelewa kazini. Kazi yangu ilikuwa kumshika kondoo shingo huku Mzee Mwangolo akimtoa damu kwa sindano, halafu kuitikisa chupa yenye shanga za kioo ili damu isigande. Metroni alinikokota mpaka kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Niliporudi, kisigino kimoja hakikuwepo, na koti lilikuwa na rangi ambayo siielezi.

"Sasa umeajiriwa," akasema Mzee Mwangolo, kisha akanionyesha mahali pa kunawa.

Yule mzee alinifundisha karibu kila nilichokijua. Alinifundisha kuunguza kitanzi cha waya kwenye moto wa taa ya spiriti mpaka kiwe chekundu, halafu kuhesabu polepole hadi kumi kabla ya kukigusisha kwenye sampuli. "Usipongoja," aliniambia, "utamkaanga mdudu, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba hayupo." Alinifundisha kunusa sahani kwa mbali, jambo ambalo ninyi mmekatazwa na mnafanya vizuri kutii. Alinifundisha pia kutowaamini watu wanaoleta choo.

Hilo la choo linahitaji maelezo. Kila msimu wa watalii ulipokaribia, wapishi wa mahoteli walitakiwa kupimwa kabla ya kuruhusiwa kushika vyungu. Asubuhi moja walikuja wanne wa hoteli moja, wamevaa vizuri, kila mmoja na kikopo chake. Nikaviweka chini ya darubini kimoja baada ya kingine. Minyoo ya aina moja, mayai kwa wingi ule ule, na katika vikopo vyote vinne kulikuwa na mbegu za pilipili. Nikamwita Mzee Mwangolo. Akatazama, akatoka nje, akawauliza kwa adabu zote:

"Waungwana, ninyi ni watu wanne au mtu mmoja?"

Kumbe walikuwa wameenda kwa mwenzao mmoja aliyeamka mapema. Tulicheka wiki nzima. Lakini somo liliniingia kichwani vibaya: tangu siku ile, kila nilipoona majibu mawili yanayofanana mno, niliamini kuna mtu amenichezea, au amezembea.

Sasa niwaeleze kuhusu ramani, kwa ajili ya wale wanaosoma bila kuwa watu wa maabara. Ukitaka kujua ni dawa gani itakayomuua mdudu fulani, unampaka sahani nzima, halafu unapanga juu yake vidoti vya karatasi, kila kidoti na dawa yake. Kesho yake unatazama. Dawa iliyofanya kazi inaacha duara safi kukizunguka kidoti chake, na iliyoshindwa unamkuta mdudu ameota mpaka mlangoni. Mpangilio huo wa duara na pasipo na duara ndio tuliouita ramani ya mdudu. Miaka yangu ya mwanzo, sahani zilijaa duara pana. Kadiri miaka ilivyokwenda, duara zilipungua, na sababu hazikuwa siri. Tulipokwenda kliniki ya kijijini Mkwiro nilimkuta mvuvi mmoja akifungua kidonge cha rangi mbili na kumimina unga wake kwenye kidonda cha mguu.

"Na vilivyobaki, kaka?"

"Nimempa kuku. Alikuwa anakohoa."

Nilimcheka yule kaka njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani nikafungua mkoba wangu kutafuta ufunguo, nikaona nusu ya vidonge vya jino nilivyoandikiwa mwezi uliotangulia, naviweka akiba kwa jino lijalo. Kicheko kiliniisha.

Kuhusu plasmidi nilifundishwa mara mbili. Mara ya kwanza chuoni, nikafaulu mtihani nikasahau. Mara ya pili ni Mzee Mwangolo, tukinywa chai.

"Mwanasha, mdudu ana maelekezo yake ya urithi, kama wewe na mimi. Lakini wengine wana nyongeza: kipete kidogo kiko pembeni, kina maelekezo ya kuishinda dawa. Hicho kipete ndicho plasmidi. Mdudu hukinakili akampa jirani yake, hata kama jirani si wa kabila lake."

"Mambo ya ajabu hayo, mzee."

"Ajabu kweli. Ni kama ulale jirani na mbuzi, asubuhi uamke na pembe."

Nikacheka, nikamaliza chai. Baadaye akastaafu, akarudi Kinango kupambana na ukame na mbuzi wake. Mimi nikarithi meza, stuli, na tabia yake ya kuzungumza na inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea wadudu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mimi ndiye mkubwa wa meza ile, aliletwa Umazi, mwanamke kijana kutoka vijiji vya juu ya Kinango. Alijifungua pacha kabla ya wakati, wakiwa wadogo kama viatu. Wauguzi waliwaita Kurwa na Doto, majina ya kila pacha, mpaka wazazi watakapoleta ya kwao. Walilazwa chumba cha watoto njiti chini ya Daktari Wanjiru, mwanamke wa bara, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, aliyechanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, tukamzoea.

Kurwa alianza kupoa mwili na kukataa maziwa. Daktari Wanjiru akamtoa damu akaniletea. Siku ya pili nikapata mdudu: madoa ya utelezi kwenye sahani, ukiyagusa kwa kitanzi yanavutika kama bamia. Huyo anaitwa klebsiella. Ukimkuta kwenye damu ya mtoto njiti, huombi kumkuta mara ya pili. Nikampangia vidoti. Asubuhi yake nikafungua inkubeta, nikaona sahani haina duara, isipokuwa moja, kwenye kidoti cha dawa ya zamani, kali kwa figo, ambayo hospitali yetu haikuiweka hata stoo.

Nikafungua daftari la kumbukumbu. Siku moja kabla, mkojo wa mama mmoja wa wodi ya wazazi ulikuwa umeotesha mdudu mwingine kabisa, ikolai, wa tumboni, ambaye sote tunamjua. Ramani yake ilikuwa hiyo hiyo. Nukta kwa nukta.

Wadudu wawili wa kabila tofauti, ramani moja. Mimi nikawaona wale wapishi wanne. Nikasema mtu amechanganya sahani, au vidoti vimekaa joto vikaharibika, au mikono yangu mwenyewe ilikuwa michafu. Sikumpigia daktari simu. Niliandika kwenye fomu: "Uchafu. Leteni sampuli nyingine." Kisha nikaitupa sahani kwenye ndoo ya vitu vya kuchomwa, nikaenda kunywa chai. Kwenye chai palikuwa na mahamri. Ninakumbuka hata hayo mahamri.

Daktari Wanjiru, kwa kuwa hakuwa na neno kutoka kwangu, aliendelea na dawa aliyokuwa nayo, ambayo kwa mdudu yule ilikuwa sawa na maji. Sampuli ya pili haikuja. Kurwa alifariki kabla ya kutolewa damu nyingine.

Siku chache baadaye, Doto akapoa.

Damu yake ilipofika mezani kwangu sikuikabidhi kwa mtu. Niliifanya mwenyewe, kwa vidoti vipya na sahani mpya. Bamia ile ile. Ramani ile ile. Wakati huo huo mtoto mwingine wa chumba kile akatoa ikolai, naye kwa ramani hiyo hiyo. Safari hii niliandika kila nilichokiona, nikatuma majibu yote mawili. Haikupita muda, Daktari Wanjiru akaingia maabara karatasi zikiwa mkononi, wanafunzi wa mazoezi wote wanatazama.

"Bi Mwanasha, please. Wadudu wawili tofauti na ramani moja? Hapa mnachanganya sahani."

Nilikuwa na jibu kali tayari mdomoni, mnanijua. Lakini hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya wiki iliyopita.

"Hii dawa moja mnayosema inafanya kazi," akaendelea, "inaweza kumharibia figo. Mtoto ana uzito wa kuku. Nikimpa kwa sababu ya karatasi yenye makosa, nitakuwa nimemuua mimi. Una uhakika?"

"Nina uhakika na sahani ya Doto."

"Kwa nini niiamini?"

Wanafunzi walikuwa wanatazama. Nilitamani waende wakanywe chai. Hawakwenda.

"Kwa sababu ni ya pili," nikasema. "Sahani ya Kurwa ilikuwa hivi hivi. Mdudu huyu huyu, ramani hii hii, duara moja mahali pale pale. Nilidhani ni uchafu. Niliitupa, Daktari."

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alishika ukingo wa meza akatazama chini.

"Ile fomu ya 'uchafu'."

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ile ile."

"Ndiyo."

Akatoa simu akampigia dereva, akamtuma Mombasa kutafuta dawa ile, na akamwambia asirudi mikono mitupu. Akanigeukia. "Nitaianza akifika tu. Wewe niambie wanatoka wapi." Akaondoka. Wanafunzi wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi.

Nikampigia Mzee Mwangolo huko Kinango. Nilimweleza yote, na la sahani pia. Upande wa pili nilisikia mbuzi, kisha sauti yake.

"Nilikwambia habari ya pembe."

"Uliniambia, mzee."

"Basi hujachanganya sahani. Wamepeana pete. Sasa mdudu hapeani pete kwa simu, mwanangu. Lazima walale pamoja. Tafuta mahali penye maji, penye chakula, na penye dawa kidogo kidogo, isiyotosha kuwaua wote, inayotosha kuwafanya waliovaa pete wapone na wasiovaa wafe. Hapo ndipo nyumbani kwao."

"Ni wapi hapo?"

"Mimi niko na mbuzi, Mwanasha. Nenda ukatazame."

Nikaenda. Nikavaa koti na kofia ya wageni, nikakaa kwenye kona ya chumba cha watoto njiti kama mzigo uliosahaulika. Kulikuwa na sinki moja, zuri, jeupe, lenye kibao cha shaba ukutani kuwashukuru wafadhili waliolileta. Akina mama walikamulia maziwa kwenye vikombe vidogo, wakawalisha watoto, wakaja kuosha vikombe hapo. Mabaki ya maziwa yakashuka kwenye tundu. Kisha muuguzi akaandaa sindano za watoto. Mtoto njiti hahitaji dawa nyingi. Chupa moja humtosha na kubaki. Alichobakiza muuguzi, kwa usafi wake wote na nia njema, alikimimina kwenye sinki lile lile. Kisha akafungua bomba kwa nguvu, na matone yakaruka mpaka kwenye rafu ya vikombe vilivyokuwa vikikauka.

Maji, maziwa, dawa kidogo kidogo. Mara tatu kwa siku, kwa muda ambao hakuna ajuaye. Tulikuwa tumewajengea wadudu chuo cha bweni na kuwalisha bure, na ukutani tukaweka kibao cha shukrani. Mkojo wa yule mama nao haukuwa fumbo tena: alikuwa mmoja wa waliokuwa wakija kukamua na kuosha vikombe pale.

Nilishusha kijiti cha pamba kwenye tundu, kikatoka na utelezi mweusi. Siku ya pili mezani nilikuwa na klebsiella, ikolai, na mdudu wa tatu ambaye kwa kawaida huwa hana habari na mtu. Makabila matatu. Ramani moja.

Nilimpelekea Daktari Wanjiru zile sahani mkononi. Akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, moja moja. Tukaenda kwa fundi wa mabomba.

"Kung'oa sinki la wafadhili?" fundi akauliza. "Barua iko wapi? Hili lilifunguliwa na wakubwa, mimi nilikuwepo, tulipewa soda."

Daktari Wanjiru akamsogezea sahani karibu na pua. "Hawa wanaishi ndani ya sinki lako. Mmoja ameua mtoto. Barua unataka iandikwe na nani, na huyu?"

Fundi akachukua spana. Wakubwa walikuja juu siku mbili, hasa kwa ajili ya kibao, wakatulia. Tangu hapo vikombe vilichemshwa chumba kingine, na mabaki ya dawa yakawekewa ndoo yake. Sampuli zetu zilipelekwa kwenye maabara kubwa, na majibu yalipokuja, yalisema kwamba wote watatu walikuwa na plasmidi moja. Nililifungua daftari, nikakata neno "uchafu" kwa mstari mmoja unaosomeka, nikaandika jina la mdudu, nikatia sahihi. Mkubwa mmoja alinishauri niliache kama lilivyo. Nilimshukuru kwa ushauri.

Dawa ilikuwa imefika kutoka Mombasa jioni ya siku ile ile dereva alipotumwa. Daktari Wanjiru alipima figo za Doto kila siku, na mimi nilikimbilia majibu hayo kuliko ninavyokimbilia mshahara. Siku mbili hakubadilika. Siku ya tatu muuguzi alinipigia simu: "Bi Mwanasha, amefungua mdomo. Amedai maziwa." Nilisema asante, nikakata simu, nikaenda kujifungia stoo kwa muda nikihesabu sahani ambazo nilijua idadi yake.

Wiki kadhaa baadaye Umazi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Nilimkuta nje kwenye benchi, anamngoja mumewe, Doto amelala mapajani. Hakunijua. Mtu wa maabara hajulikani na mgonjwa. Yeye huona chupa tu ikiondoka. Nikakaa kando yake, nikamsalimu, nikamwambia mimi ni nani. Kisha nikamwambia habari ya Kurwa: sahani, nilivyoidhania, nilivyoitupa. Sikumwambia kwamba labda asingepona hata hivyo. Huenda ni kweli, lakini kama ni kweli si mimi wa kuisema.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyeitupa?"

"Ni mimi."

"Mbona umeniambia? Ningekwenda zangu nisijue."

"Ndiyo maana nimekwambia, mama."

Akatazama njia. Gari la mumewe lilikuwa linaingia langoni. Umazi akasimama, leso yake ikalegea kiunoni, na kwa mtoto mkononi hakuweza kuifunga. Akanigeukia.

"Nishikie."

Akaniwekea Doto mikononi. Alikuwa mwepesi na wa moto, lile joto zuri la mtoto aliyeshiba, na alinishika kidole bila kuamka. Umazi alifunga leso yake vizuri, akaikaza, akavuta pindo moja, akalifunga upya. Hakuwa na haraka. Kisha akamchukua mwanawe, akapanda gari, hakuniaga.

Nimewaza sana juu ya dakika ile. Mpaka leo sijui kama alikuwa amenisamehe, au alihitaji tu mikono miwili.